Baiskeli Isiyotaka Kung'arishwa

Mtu asije tena hapa barazani kwangu Mwabungo kuniuliza baiskeli ina gia ngapi. Nimeshasema na ninarudia. Jana wamekuja vijana wawili kutoka Ukunda, watoto wa watu, shikamoo wamenipa vizuri, wakaketi, wakatoa simu na kunionyesha picha. Wanataka kujiundia baiskeli ya milima, wakusanye kifaa kimoja kimoja wenyewe, wapande nayo Shimba Hills wakashindane na wenzao. Nikafurahi. Nikasema leo nimepata watu wa kuzungumza nao. Kumbe wapi. Swali la kwanza, gia ngapi. La pili, shoki ya rangi gani. La tatu, kama rimu nyeusi zinapendeza kuliko nyeupe. Nikangoja waniulize habari ya breki. Nikangoja mpaka chai ikapoa, na breki hawakuitaja. Nikawaambia wamalize chai waende zao.

Mke wangu kanilaumu, kasema mgeni hafukuzwi. Ni kweli, hafukuzwi. Lakini hasira niliyonayo si ya jana. Ni ya miaka ile ya tisini mwishoni, na haijanitoka. Sasa macho yangu hayaoni tena kichwa cha valvu, vidole havishiki spana, kilichobaki ni mdomo. Basi nyinyi wawili, na wenzenu wote mnaochagua baiskeli kwa macho, nisikilizeni kwa mdomo huu huu uliowafukuza.

Mimi nilikuwa fundi wa baiskeli Msambweni, kando ya barabara kuu. Karakana haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzee Mwachiti, mtu aliyenichukua nikiwa sijui kushoto wala kulia, akanifanya fundi. Alikuwa mkali. Siku moja alinipa gurudumu lililopinda akaniambia nilinyooshe nimefumba macho. Nikadhani ananitania. Akaniambia nizipige spoki kwa ukucha, moja moja, nisikilize; iliyolegea hutoa sauti nzito, iliyokaza hulia nyembamba. Nikakosea, nikakaza iliyokwisha kukaza. Hakunigombeza. Alilichukua lile gurudumu, akafungua spoki zote hadi ya mwisho, akazitia kwenye kikapu cha samaki na kunirudishia. "Anza," akaniambia, akaenda zake kula. Mpaka leo nikipita karibu na baiskeli yenye spoki iliyolegea, sikio linaniwasha.

Baiskeli za wakati huo zilikuwa zile nyeusi, nzito, za chuma kitupu. Breki zake hazikuwa za waya, zilikuwa za vyuma virefu: ukibana mkononi, raba zinavutwa juu na kulibana gurudumu kwa ndani, pale spoki zinapotokea. Ubavu wa rimu haukuguswa na kitu. Ndiyo maana sisi tulikuwa na desturi yetu, na desturi hiyo ilikuwa na akili. Pwani hii upepo una chumvi, na chumvi hula chuma mchana na usiku. Basi baiskeli haikutoka karakanani kwa Mzee Mwachiti bila kupakwa mafuta ya nazi. Alichukua kipande cha leso kuukuu, akakichovya, akapangusa fremu, hendeli, keria, na rimu ubavuni pande zote mbili, mpaka ikang'aa. Hata nilipokuwa fundi kamili, kazi hiyo hakuniachia. Alikuwa akisema kwamba mtu hamtoi bwana harusi nyumbani hajapakwa mafuta. Ukiona baiskeli barabarani inameremeta jua likiipiga, ulijua imetoka kwetu.

Halafu zikaja hizi za milima. Zililetwa na hoteli za Diani, watalii wazikodi wazunguke nazo. Mara zikatokea fujo upande wa Likoni, watalii wakaondoka, hoteli zikafunga milango, na baiskeli zikabaki kwenye mabanda ya makuti mita chache kutoka baharini, zikinyonya chumvi. Hakuna aliyezipangusa. Hasira yangu ya kwanza ndiyo hiyo. Vyombo vizima vya kazi, mtu anaviachia viharibike kwa sababu aliyekuwa akivikodi karudi kwao Ulaya, na wenyeji wanatembea kwa miguu. Zilipokwisha kuoza nusu, ndipo wakaamua kuziuza.

Aliyezinunua kwa wingi alikuwa kijana mmoja wa bara, tukimwita Deno, aliyekuwa akikodisha baiskeli ufuoni kabla kazi haijafa. Akafungua banda Ukunda, akazikwangua kutu, akazipulizia rangi: nyekundu, buluu, manjano. Ukiingia bandani kwake ungedhani umeingia kwenye duka la peremende. Watu wakazikimbilia. Wiki mbili baadaye wanakuja kwangu wamezisukuma, cheni imekatika, pedali inazunguka bure, kiti kimeganda kwenye fremu hakipandi wala hakishuki. Nikawa nafungua, mchanga unamwagika. Nikamtukana Deno pasipo yeye kuwepo, na alipokuwepo nikamtukana pia. Alicheka tu. Kusema haki, naye alikuwa na njaa kama sisi sote mwaka ule.

Sasa niwaeleze habari ya Musyoka, maana ndiyo ninayotaka mwondoke nayo.

Musyoka alikuwa mkulima kule juu kwenye skimu, mashamba waliyogawiwa watu waliotoka bara. Alipita mbele ya karakana akitoka hospitalini, binti yake kambeba mgongoni, akaomba wapumzike kivulini. Mtoto huyo, Ndanu, alikuwa na miaka minane hivi, na alikuwa na ule ugonjwa wa damu wa seli mundu. Ukimpanda, viungo humuuma mpaka hawezi kukanyaga. Daktari alikuwa amemwambia baba kwamba maumivu yakianza asingoje hata kidogo, amlete. Lakini mvua za Elnino zilikuwa zimekata barabara ya kule juu, pikapu iliyokuwa ikipanda ikaacha kupanda. Bodaboda hazikuwepo, msidhani dunia ilianza na nyinyi. Mara ya mwisho Musyoka alikuwa amemteremsha mtoto mgongoni njia nzima, na walipofika hospitalini Ndanu alikuwa hasemi tena. Waliambiwa wangechelewa kidogo zaidi wangemkosa.

"Fundi Rama," akaniambia, "mimi sitaki baiskeli ya kwenda sokoni. Nataka ya kumteremsha huyu."

Nikaitazama njia ya skimu kichwani mwangu. Nilikuwa naijua. Ni kilima cha udongo mwekundu, mvua imechimba mifereji katikati, mawe yametokeza, na mteremko wenyewe ni wa kukupeleka hutaki. Baiskeli nyeusi pale haifai: nzito kupanda, na breki zake za vyuma zikigongwa na mawe zinapinda. Nikamwambia inatakiwa ya milima, lakini si ya kununua nzima. Tutaiunda. Nitachagua kila kifaa kwa mkono wangu, na yeye atakuja nami aone.

Tukaenda kwa Deno. Deno akatupokea kwa furaha, akanipita mimi mtu mzima, akashika hendeli ya baiskeli moja nyekundu. "Buda, hii ndio yako," akamwambia Musyoka. "Shoki mbele, shoki nyuma, gia ishirini na moja. Kwa mawe uta-flow tu." Shoki ni ile foki yenye springi ndani, mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, inayobonyea ukigonga shimo. Musyoka akaibonyeza kwa kifua. Ikabonyea, ikarudi. Nikaona macho yake yanalegea kama ya mtoto dukani.

Hapo damu ilinichemka. Nikaikwangua rangi kwa ukucha, chini yake mkono wa ile shoki umeliwa na chumvi, una mashimo mashimo. Raba ya kuzuia mchanga haipo. Leo inabonyea, mwezi ujao inaganda, na siku itakapoganda itaganda ikiwa imebonyea, hendeli iko chini, na dereva anaelekea chini kwa kichwa. Nikamuuliza Musyoka mbele ya Deno: "Hii itamshika mtoto, au itakupendeza wewe?" Aliudhika. Kisha akaiachia.

Basi tukaanza kazi, na nyinyi mnaotaka kujiundia, hapa ndipo mtege masikio. Fremu nilitaka ya chuma, si ya aluminiamu, maana ya chuma ikipata ufa huku kwetu kuna mtu wa kuichomelea, ya aluminiamu utaitazama tu. Nikazigeuza fremu za Deno juu chini moja baada ya moja na kuzigonga kwa spana. Nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti ya debe lililojaa. Kisha nikatoa uzi mfukoni. Unaufunga kwenye shingo ya fremu mbele, unaupitisha nyuma, pale unaposhikwa mhimili wa gurudumu, unaurudisha upande wa pili. Ukipima kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia lazima kuwe sawa. Kama si sawa, fremu imepinda, na hakuna gia itakayokunyooshea. Sita nilizikataa. Deno akaanza kuninunia. Ya saba ilikuwa mbaya kwa sura, rangi ya kijivu imebanduka kama ukuta wa choo, lakini ilikuwa imenyooka. Foki nikachukua ya chuma kitupu isiyo na springi yoyote.

Rimu. Nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, natembea nayo mfukoni hadi mke wangu akawa anauliza ni hirizi gani. Ukiiweka kwenye rimu ikanasa, hiyo ni chuma kilichopakwa nikeli. Inang'aa kweli kweli. Ikilowa maji haina breki, raba inateleza juu yake kama mguu kwenye mwani. Isiponasa, ni aluminiamu, na hiyo ndiyo inayoshika hata mvua ikinyesha. Deno akaniletea zile zinazong'aa, nikaweka sumaku, ikanasa, nikamrudishia. Akaleta nyingine, ikanasa. Nikaingia mwenyewe nyuma ya banda, nikapanda juu ya rundo la vyuma, nikazipata mbili zilizofifia, kavu, hazina mvuto. Sumaku ikaanguka chini. Nikamwambia Musyoka hizi ndizo.

Gia nikampunguzia. Kwa nini ishirini na moja? Anakwenda wapi? Nikamwachia gurudumu dogo la meno mbele kwa kupandia, na la kati kwa njia tambarare, lile kubwa nikalitoa. Vishikio vya gia nikachagua vya kizamani vya kusukuma kwa kidole gumba, visivyobofya. Vinavyobofya vikiingia matope au waya ukilegea kidogo, vinaruka gia ovyo, lakini hivi vya kizamani mkono wako mwenyewe unatafuta pa kukaa. Keria nikaitoa kwenye baiskeli nyeusi iliyokufa, nikaichomelea, na chini yake nikaweka vyuma viwili vya kukanyagia na bati la kuzuia, ili mguu wa mtoto usiingie kwenye spoki. Raba za breki nikanunua mpya, laini, na nikazifunga zikiwa zimeelemea kidogo, zigusane na rimu kwa mbele kwanza. Unaweka kipande cha boksi nyuma ya raba unapokaza, kisha unakitoa. Hapo breki inauma na haipigi kelele.

Nilipomaliza, nikaijaribu kwenye mteremko ulio nyuma ya karakana. Nikabana kwa vidole viwili, ikasimama hadi nikataka kuruka juu ya hendeli. Ilikuwa mbaya kuitazama, wallahi. Kijivu, nyeusi, nyeupe iliyofifia, keria ya aina nyingine. Katika maisha yangu sijaunda nzuri kuliko ile.

Siku hiyo hiyo nikaletewa habari kwamba shangazi yangu kafariki huko Jego. Na Musyoka tulikuwa tumeagana aje kesho kutwa. Nikaiacha baiskeli karakanani imeegemezwa, nikaondoka alfajiri kwenda kuzika. Mzee Mwachiti wakati huo hakuwa akifanya kazi tena, lakini kila siku alikuja kuketi pale kwenye benchi lake, na mtu angethubutu vipi kumwambia asiguse kitu katika karakana aliyoijenga kwa mikono yake? Baiskeli hizi mpya hakuzitaka. Alikuwa akiziita mifupa ya samaki. Sikuwahi kumwona akiinama kutazama breki zake zinabana wapi.

Nikarudi alasiri. Baiskeli haipo. Mzee yuko kwenye benchi, ametulia, ana furaha. Nikamwamkia, akaniitikia, akanipa pole ya msiba. Kisha akaniambia mwenye baiskeli alikuja asubuhi, mtoto maumivu yamemwanza, kamwacha na mama yake akaja mbio kuichukua, hakuweza kungoja kesho. Naye akamkabidhi. Lakini akaona aibu kuitoa vile ilivyokuwa, kavu, imepauka, watu wangesema kwa Mwachiti siku hizi wanatoa uchafu. Akaipaka mafuta.

"Umepaka wapi, mzee?"

"Kote," akaniambia. "Na rimu zote mbili, ubavuni, vizuri. Imeondoka inameremeta."

Nikaingia ndani, nikachukua kipande cha sabuni na msasa, nikaipanda baiskeli yangu na kuondoka. Kwa breki zile mpya, ubavu wa rimu ndio breki yenyewe. Ukiupaka mafuta, umeikata. Musyoka asingejua kabla ya kuteremka, maana kwenda alikuwa akipanda, na anayepanda habani breki.

Niliwakuta chini ya kilima, pale njia ya skimu inapoanza. Musyoka anatembea, mtoto mgongoni, suruali imechanika gotini, damu imekauka na vumbi. Mkono wa kushoto wa Ndanu ulikuwa umefungwa kwa leso ya mama yake, umekaa vibaya. Hakuwa analia. Alikuwa ametoa macho tu, na midomo imemkauka. Baba alikuwa ameona mteremko unamchukua, akakokota miguu chini, haikusaidia, akaamua kuitupa baiskeli kwenye nyasi kabla haijafika kwenye mawe.

"Nilibana breki, Fundi," akaniambia. "Nilibana zote mbili."

Nikamwambia breki ni nzima, kosa ni mafuta, yamepakwa kwenye rimu karakanani kwetu. Akanitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni. Nikamwomba tumpakie mtoto kwenye baiskeli yangu, niisukume. Ndanu akasikia, akaanza kupiga mayowe, akamkaba baba yake shingo. Basi tukapokezana kumbeba hadi hospitalini. Walimlaza kwa ule ugonjwa wake, na mkono ukafungwa plasta. Daktari alisema wamefika kwa wakati. Hilo nililisikia nikamshukuru Mungu, lakini moyoni nilikuwa nimejaa hadi pomoni.

Asubuhi yake nikaenda karakanani. Pale huwa na watu wa chai, na siku hiyo walikuwepo. Nikasimama mbele ya Mzee Mwachiti, mtu aliyenipa kazi, aliyeniposea mke. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba. Halafu nikamwambia: "Mzee, yale mafuta yako yamemvunja mtoto mkono. Yangemuua. Umepaka pale breki inaposhika, kwa sababu kazi hii imebadilika mbele ya macho yako na wewe hukutaka kuitazama."

Vikombe vikatulia. Mmoja akaniambia Rama, huyo ni mzee wako. Nikamwambia ninajua ni mzee wangu, ndiyo maana nimeanza kwa shikamoo. Wapo walioninunia kwa maneno yale hadi walipoingia kaburini, na mimi sijayajutia hata siku moja. Tungeendelea kunyamaziana kwa adabu, na kesho angepaka nyingine.

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza tangu nimjue. "Breki hizi zinabana wapi? Nionyeshe." Nikaleta gurudumu la aina ile. Akapitisha kidole gumba ubavuni mwa rimu, akaenda, akarudi. Akaomba sabuni.

Tulikwenda tukaitoa ile baiskeli nyasini. Foki ilikuwa nzima, fremu nzima, gurudumu la mbele limepinda. Gurudumu nikanyoosha mimi. Rimu aliziosha yeye, maji ya moto na sabuni, akasuuza, akaosha tena, akazisugua raba kwa msasa hadi zikawa kama mpya. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza.

Siku Ndanu aliporuhusiwa kutoka hospitalini, Mzee alivaa kanzu na kofia yake ya kazi ya mkono, akaisukuma baiskeli mwenyewe hadi langoni. Nilimfuata. Musyoka alipoiona akasimama. Ndanu akajificha nyuma yake, plasta kaikumbatia.

"Mafuta niliyapaka mimi," Mzee akamwambia. "Huyu Rama hana kosa, hakuwepo. Ni mimi, na nilidhani ninakupamba."

Musyoka alipiga hatua moja mbele. "Mzee," akamwambia, "ungekuwa rika langu ningekupiga."

"Ningestahili. Lakini huyo mtoto atakapougua tena utamteremsha na nini?"

Barabara ilikuwa bado imekatika. Musyoka akasema tu kwamba hawezi kumpandisha bintiye kwenye chombo kile, na kwamba hata yeye mwenyewe mikono yake haikiamini tena.

"Basi nipakie mimi," Mzee akasema.

Karibu na hospitali kuna mteremko unaoshuka kutoka barabarani kwenda ufuoni. Ni mkali, una changarawe, na mwisho wake ulikuwa ukuta wa mawe ya matumbawe. Mzee akaipandisha kanzu, akaketi kwenye keria, akakanyaga vile vyuma nilivyomwekea mtoto. Mtu wa umri ule, mwenye magoti yale. Nikamwambia acha, mzee, nitapanda mimi. Akaniambia ninyamaze. Musyoka alikataa mara ya kwanza, akakataa ya pili. Kisha akaishika hendeli.

Wakaondoka. Musyoka hakubana mwanzoni, na mimi nilijua hakubana makusudi. Alitaka kujua, au alitaka kumtisha, sijui. Baiskeli ikachukua kasi. Kanzu ikajaa upepo, kofia ikaruka, na Mzee hakumshika Musyoka kiunoni, alishika keria tu. Nilikuwa nimekasirika hadi machozi yananitoka, namkasirikia yeye, namkasirikia Deno, nayakasirikia mahoteli, nikiwaza kwamba raba moja tu ikiwa na tone la mafuta, ninamzika mwalimu wangu. Karibu na ukuta Musyoka akabana. Gurudumu la nyuma likakwaruza, changarawe zikaruka, ikasimama. Kati ya gurudumu na ukuta mtu angeweza kupita, akijibana.

Hakuna aliyepiga makofi. Walipanda wakirudi kwa miguu, Musyoka anaisukuma baiskeli, Mzee nyuma yake anahema, mkono kifuani. Alipofika aliketi chini mavumbini, na kanzu yake ile, mbele ya Ndanu, wakawa sawa kwa urefu.

Mtoto akasogea karibu naye.

"Babu," akamuuliza, "uliogopa?"

Nyinyi mngemwambia la. Deno angemwambia la, angemwambia ni raha tupu.

"Niliogopa sana, mjukuu wangu," Mzee akamjibu. "Mpaka iliposimama."

Ndanu akaenda kwenye baiskeli. Akaweka kidole kwenye rimu, akakinusa, akakinusa tena. Kisha akamnyooshea baba yake mkono ule mzima, ampandishe.